Ngazi ya Tatu

Ngazi ya mlango wangu ilikuwa moja.
Sasa ni tatu, na hakuna fundi aliyekuja.
Ni mvua za Newala tu, zimeushusha uwanja,
na ufagio wangu umezisaidia:
kila alfajiri nakwangua, nachora michirizi,
mgeni asikute hata jani,
na kila kifuku mchanga wetu mwekundu
unateremka Ruvuma bila nauli.

Mwaka huu nimesema basi.
Malipo ya mnada wa pili yameingia,
na kabla Akwilini hajayapangia salfa ya mwakani
nimemega elfu arobaini,
nikaenda kwa Somoe Nandonde,
kwenye kitalu chake nyuma ya ghala la chama,
viriba vimesimama mstari
kama darasa la kwanza, wafupi mbele.

Tukaanza na uzio.
Mchongoma? Mbuzi hapiti,
lakini na mjukuu atarudi na miiba.
Mnyaa huota hata ukiuchomeka kichwa chini,
ila utomvu wake haucheki na jicho,
na jirani yangu ana watoto sita, wote wadadisi.
Basi mbono. Mbono hauna makuu.
Fimbo thelathini, akazifunga kwa kamba ya mgomba.

Kisha mti. Mmoja tu, uwanja si msitu.
"Mkorosho wa kisasa ninao," akasema. Nikacheka.
Mikorosho ninayo shambani, inanijua kwa jina;
nyumbani sitaki kivuli kinachonidai mahesabu.
Mkungu nao, kwa upepo wa huku ukingoni,
utanimwagia majani mapana kama sahani
nami ndiye muosha vyombo.
Nilisimama sana mbele ya mstafeli.
Unanifika kiunoni.
"Miaka mitatu, minne," Somoe akasema.
Nikahesabu miaka, nikahesabu magoti yangu,
hesabu ikakubali.

"Na chini? Cha kutambaa?"
Hapo sauti yangu ikashuka
kama ya mtu anayeulizia dawa ya aibu.
"Ukoka," nikasema. "Magunia mawili."

Somoe alinitazama.
Anamfahamu Akwilini, wilaya nzima inamfahamu:
miaka thelathini na moja chini ya mikorosho,
jembe lake limeliwa na palizi
mpaka limebaki kijiko.
Hakusema kitu. Akapunguza bei.

Nyumbani Akwilini alikuwa kwenye ngazi ya tatu.
Mbono akauhesabu, sawa.
Mstafeli akaushika jani, akalinusa, sawa.
Akafungua gunia.
"Umenunua nyasi?"
"Nimenunua."
"Kwa fedha?"
"Ya korosho."
Aliingia ndani, nikasikia akizishtakia kuta.

Nilipanda peke yangu siku mbili,
shina kwa shina, shubiri kwa shubiri,
kuanzia pale maji yanapopenda kukimbilia.
Ufagio nikautundika.
Siku ya tatu Yusta akachungulia uzio ambao bado ni vijiti,
akauliza kwa upole:
"Mama Benigna, kuna mgonjwa?
Naona uwanja haujafagiliwa."
"Hakuna mgonjwa," nikamjibu.
"Anayepona ni uwanja."
Akaondoka hajaridhika.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku,
ile ya kupiga bati kama inadai deni.
Nililala macho wazi, nikisikiliza mchanga wangu
ukiamua kubaki au kwenda.
Kitanda kikalia upande wa pili. Mlango ukalia.
Tochi ikapita dirishani, ikainama, ikakaa.
Nikajifanya nakoroma.

Asubuhi nimekuta nyayo zake
zimejaa maji mpaka kwenye mkondo.
Mashina matatu yalikuwa yameng'olewa na mvua,
na yote matatu yamerudishwa udongoni,
yamekandamizwa kwa kisigino,
moja limepandwa mizizi juu
kwa mkono wa mtu ambaye maisha yake yote
alijua kung'oa tu.

Sijaligeuza.